Kofia Iliyovuliwa

Msikilizaji, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ila hulelewa pia na anayoyaona njiani. Desmond Tutu, aliyezaliwa Klerksdorp, Afrika Kusini, mwaka 1931, alisimulia kwamba utotoni alisimama na mama yake, mpishi, padri mzungu akapita na kumvulia mama huyo kofia. Katika nchi ya ubaguzi, mtoto alipigwa na butwaa. Padri huyo alikuwa Trevor Huddleston, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Masasi, huku kwetu kusini mwa Tanzania. Tutu alipolazwa miezi mingi kwa kifua kikuu, Huddleston hakuchoka kumtembelea. Mwaka 1984 Tutu akatunukiwa Nobel ya Amani. Siku ile hapakuwa na mahubiri. Kofia ilivuliwa, mtoto akaona.