Paa Bapa Huvujia Pembeni: Kulinda Kingo za Paa Dhidi ya Maji ya Mvua Mwambaoni

Ni nadra doa la kwanza kutokea katikati ya dari. Huanza pembeni, pale dari inapokutana na ukuta: rangi inavimba, inabanduka, kisha inabaki alama ya kahawia. Mwenye nyumba humwita fundi. Fundi hupanda juu, hukuta paa limekauka, hupaka dawa ya kuzuia maji katikati pote na kushuka. Masika yanayofuata doa linarudi palepale. Mada hii ya semina inatetea jambo moja: paa bapa hulindwa kwenye kingo zake, na fedha nyingi zinazopakwa katikati ya paa zingefaa zaidi kama zingetumika kwenye nusu mita ya mwisho.

Hesabu yenyewe si ngumu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwa siku moja ya Aprili Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, hulishushia paa la mita 100 za mraba lita 5,000, yaani tani tano. Maji yote hayo hayana njia ya kutokea ila pembeni. Katikati ya paa yanapita tu. Ukingoni yanakusanyika, yanagonga ukuta na kusubiri zamu ya kutoka. Na hapohapo yanaposubiri ndipo panapokutana vitu viwili visivyotembea pamoja.

Maana zege hutembea. Kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, zege hutanuka kwa takriban sehemu 10 za milioni za urefu wake. Slabu ya mita 10 ikipata tofauti ya nyuzi 30 kati ya alfajiri na jua la utosini, hurefuka kwa milimita 3 hivi, kisha jioni hurudi. Parapeti, ule ukuta mfupi unaozunguka paa, imejengwa kwa tofali, ina kivuli upande mmoja na jua upande wa pili, wala haifuati mwendo wa slabu. Kinachopasuka ni kiungo kati yao. Ufa mwembamba kama huo huyanyonya maji wenyewe, hata bila ya kusukumwa. Maji yakisukumwa na upepo, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu upepo nao hushambulia kingo na pembe za paa kuliko katikati. Mwambao huu una upepo: kimbunga cha Aprili 1872 kiliangamiza mashamba ya mikarafuu ya Unguja, cha Aprili 1952 kikaipiga Lindi, na kimbunga Hidaya kikafika Mafia tarehe 4 Mei 2024.

Waashi wa zamani waliyajua haya kwa mikono yao. Nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja ziliezekwa kwa sakafu: boriti za mikoko zikapangwa karibukaribu, juu yake vikalazwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha ukamwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto na kupondwa kwa vipande vya mti siku kadhaa mpaka ukashikana. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, mita mbili na nusu hadi tatu, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Tabaka la sentimita 30 la sakafu hiyo lina uzito wa karibu nusu tani kwa kila mita ya mraba.

Mzigo wote huo unakaa juu ya vichwa vya boriti, na vichwa vya boriti vimezikwa ukutani, chini ya ukingo wa paa. Hapo ndipo penye udhaifu. Maji yakipenya ukingoni hufika mahali pekee ambapo jicho la mwenye nyumba halifiki. Boriti huonekana nzima chumbani, ngumu hata ukiigonga, kumbe kichwa chake kimekwisha kuwa unga na mchwa wamefuata unyevu. Anayetembelea magofu ya Songo Mnara au Gedi hukuta kuta zimesimama, zenye milango na vidaka vyake, lakini mapaa hayapo. Si maji peke yake yaliyoyaangusha, kwa kuwa miji hiyo ilihamwa na hakukuwa na wa kuitunza. Lakini kutunza paa la sakafu kulikuwa hasa ni kutunza kingo: kupaka chokaa upya ili nyufa nyembamba zizibwe, na kuweka milizamu iliyotokeza mbali na ukuta ili maji yadondoke chini bila kuirudia nyumba.

Mvua nayo si moja kila mahali. Muscat hupata kiasi cha milimita 100 kwa mwaka mzima. Mji wa Unguja hupata zaidi ya mara kumi ya hizo. Sakafu inayostahimili miaka mingi kwenye ukavu wa Oman hapa inahitaji mkono wa mtu kila mwaka. Wazanzibari wengi walilijua hilo, na mabati yalipopatikana wakayaezeka kwa mwinuko juu ya mapaa bapa ya zamani. Wapo wanaosema mabati hayo yameharibu sura ya Mji Mkongwe. Yameharibu kweli, lakini pia yamezinusuru nyumba nyingi ambazo leo zingekuwa vifusi.

Leo paa bapa limerudi kwa sura mbili.

Ya kwanza ni slabu ya zege inayongoja ghorofa. Kutoka Kariakoo ya Dar es Salaam hadi Eastleigh ya Nairobi mtu huona nondo zimechomoza juu ya nyumba zinazokaliwa, zikisubiri siku fedha itakapopatikana. Hakuna ubaya katika subira hiyo. Watu wengi hujenga kadiri wanavyopata. Ubaya ni kuziacha nondo uchi. Kila nondo iliyochomoza ni njia ya maji: yanateremka nayo, yanaingia kwenye zege, na chuma kinaanza kuliwa na kutu. Kutu huchukua nafasi mara mbili au zaidi ya chuma kilichoiunda, hivyo hulipasua zege kutoka ndani, na vipande hudondoka kwanza kwenye ukingo, kwa kuwa huko ndiko zege linalofunika chuma huwa jembamba. Karibu na bahari chumvi huharakisha kazi hiyo, na pale mchanga wa pwani ulipotumika bila kuoshwa, chumvi ilishawekwa ndani tangu siku ya kumwaga zege. Tiba ni nafuu: nondo zipakwe uji mzito wa saruji, kisha zimwagiwe zege dhaifu lenye saruji kidogo, ambalo litavunjwa kwa nyundo siku ghorofa ikianza. Shina la kila nguzo liinuliwe sentimita chache juu ya paa ili maji yasituame hapo.

Sura ya pili ni paa la kuficha, linalopendwa sana Tanzania kwa sasa. Kwa nje nyumba inaonekana ya paa bapa; kwa ndani kuna kenchi na mabati yenye mteremko mdogo, yamezungukwa na parapeti pande zote, na gata limefichwa baina ya bati na ukuta. Jengo zima limegeuzwa beseni. Paa la kawaida la mabati likivuja ukingoni maji huanguka nje ya nyumba, na hasara ni tope tu. Paa la kuficha likivuja ukingoni, maji huanguka ndani, juu ya gipsamu, taa na nyaya za umeme. Wanaolipenda wasikatazwe, lakini waambiwe ukweli kabla ya kuchimba msingi: nyumba hii inaishi kwa gata lake. Gata liwe pana kiasi cha mtu kupitisha mguu anapolisafisha, liwe na mteremko uliopimwa kwa levo, na bati liingie juu yake bila kuachia mwanya wa upepo kurudisha maji.

Kwa slabu ya zege, kazi ya ukingo inaanza na mteremko. Mchoro uonyeshe mshuko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Kiasi hicho huonekana kikubwa, lakini mkono wa fundi hukosea na slabu yenyewe hupinda kidogo, na lengo ni kwamba mahali popote pasibaki na chini ya nusu yake. Mteremko uelekee kwenye matundu ya kutolea maji. Hilo liko wazi mno hata halihitaji kusemwa, ila mara nyingi tundu hutobolewa mwisho, na fundi bomba, mahali palipokuwa rahisi kutoboa.

Kisha pembe. Slabu na parapeti zisikutane kwa kona kali ya nyuzi 90, kwa sababu mkeka wa lami unaozuia maji ukikunjwa hapo hupasuka. Lijazwe tuta la pembetatu la saruji, sentimita 5 kila upande, ndipo mkeka upande ukutani angalau sentimita 15 juu ya uso wa paa lililokamilika. Ncha yake ya juu isiishie hewani. Ichongewe mfuo wa kina cha sentimita 2 hivi ndani ya parapeti, iingizwe humo, ishikwe kwa ukanda wa bati na kufunikwa. Mkeka uliobandikwa ukutani bila mfuo hushika vizuri mwaka wa kwanza, kisha jua huukausha, nao hubanduka na kuwa mdomo unaopokea maji yote yanayoteremka ukutani. Dawa za kupaka nazo zinafaa, lakini kwenye pembe ziwekwe na kitambaa cha nyuzi ndani yake, maana rangi peke yake haiwezi kuvumilia zile milimita tatu za kila siku.

Parapeti yenyewe ina upande mmoja unaosahaulika: wa juu. Ukuta huo hunyeshewa pande tatu. Plasta ya juu ikipasuka, maji huteremka ndani ya tofali, hupita nyuma ya mkeka uliofungwa kwa uangalifu wote huo, na kutokea chumbani. Ndipo fundi hulaumiwa kwa kosa la mahali pengine. Ukuta uvalishwe kofia ya zege au bati. Kofia iinamie ndani, upande wa paa, ili uchafu usichirizike kwenye uso wa nyumba. Itokeze sentimita 4 kila upande, na chini ya kila tokezo uwepo mfuo mdogo wa kulikata tone la maji, maana bila mfuo huo tone hutambaa kinyumenyume mpaka ukutani. Chini ya kofia ilazwe karatasi ya kuzuia unyevu.

Paa lisilo na parapeti nalo linahitaji mfuo huo kwenye tumbo la slabu, karibu na ukingo. Mafundi wengi huutengeneza kwa njia ya busara: kabla ya kumwaga zege, hupigilia kwenye mbao kipande cha bomba la plastiki kilichopasuliwa katikati, kisha hukitoa mbao zinapofunguliwa. Gharama yake ni karibu bure. Uzuri wa kuta za nje za nyumba nyingi ungeokolewa kwa bomba hilo moja.

Matundu ya kutolea maji yasipungue mawili, hata kwenye paa dogo, kwa sababu moja litaziba. Juu kidogo ya usawa wake, lakini chini ya ncha ya mkeka, liwepo tundu la dharura linalomwaga maji mahali yanapoonekana, kwa mfano mbele ya mlango, ili kila mtu ajue kwamba matundu makuu yameziba. Tundu hilo lina sababu nyingine, kubwa kuliko kuvuja: maji yenye kina cha sentimita 10 yana uzito wa kilo 100 kwa kila mita ya mraba, na si kila slabu ilisanifiwa kuubeba.

Kinachoziba matundu kinajulikana: majani ya mwarobaini na mkungu, mifuko ya plastiki, vijiti na mifupa inayoachwa na kunguru. Ndege pia huleta mbegu za mitini, na mche wa mtini ukishaota kwenye ufa wa parapeti hauzuiliki kwa kukatwa shina. Ung'olewe ungali na majani mawili. Usafi ufanywe mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Siku hiyo pia yaangaliwe mambo mawili yaliyoongezwa baada ya ujenzi: simtanki iliyowekwa pembezoni, ambayo hufurika usiku na kuulowesha ukingo mwaka mzima, na dishi lililofungwa kwa skrubu zilizotoboa kofia ya parapeti.

Kwa majengo ya kale liko onyo la pekee. Parapeti ya mawe na chokaa isikarabatiwe kwa plasta ya saruji. Chokaa hupitisha unyevu nje. Saruji huufungia ndani, na ukuta unaoonekana mpya kwa nje huendelea kuoza ndani, pamoja na vichwa vya boriti. Atumiwe fundi wa chokaa, na kazi ipewe muda wa kukauka, hata kama mwenye nyumba ana haraka.

Pendekezo kwa washiriki linahusu karatasi zaidi kuliko saruji. Michoro mingi ya nyumba za kuishi huonyesha ukingo wa paa kwa mstari mmoja, na fundi huachiwa abuni mwenyewe. Semina hii ikubaliane juu ya mchoro mmoja wa ukingo, kwa kipimo cha 1:5, wenye tuta la pembeni, mkeka, mfuo, kofia na tundu la dharura, na maelezo yake yawe kwa Kiswahili cha mafundi. Ubandikwe kwenye kila mkataba. Na mkataba wenyewe uwe na sharti la jaribio: kabla ya malipo ya mwisho, matundu yazibwe, paa lijazwe maji ya kina cha sentimita 5 kwa saa 24, baada ya mhandisi kuthibitisha kwamba slabu inaweza kuyabeba, kisha mwenye nyumba na fundi waingie pamoja ndani na kukagua dari, wakianzia kwenye pembe za vyumba.