Kemondo: Alama ya Unyasi Kwenye Chungu

(MUZIKI WA UTAMBULISHO. UNAPUNGUA. MAWIMBI MADOGO YAKIPIGA MAWE. PIKIPIKI KWA MBALI.)

MTANGAZAJI: Msikilizaji wa kipindi cha utalii wa ndani, hayo unayoyasikia ni maji ya Ziwa Victoria katika ghuba ya Kemondo, kilomita kama 20 kusini mwa mji wa Bukoba. Nimekaa juu ya jiwe, viatu nimevua, na mapajani nina donge la udongo la ukubwa wa nazi. Pembeni kuna kikapu. Humo mna kokoto laini, ganda la konokono, nyasi ndefu, gunzi la mahindi, punje chache za kahawa na vipande vya magome makavu ya mgomba. Hakuna hata kimoja nilichonunua. Vyote nimeviokota njiani tangu asubuhi, na leo vitatufundisha kufinyanga. Anayeniongoza ni mtangazaji mwenzangu, mzaliwa wa huku. Kaka, karibu.

MWENYEJI: Dada, hapa anayekaribisha ni mimi. Karibu Buhaya, waitu.

MTANGAZAJI: Nimekaribia. Ila tafadhali usianze kunihesabia shahada zako.

MWENYEJI: (ANACHEKA) Akina nshomile, wasomi wetu, wote wako Dar es Salaam, dada. Sisi tuliobaki tunasoma udongo.

MTANGAZAJI: Haya, tusomee.

MWENYEJI: Kemondo watu wanaijua kwa meli. Ukitoka Bukoba kwenda Mwanza kwa maji, hapa ndipo meli inapopakia ndizi na abiria kabla ya kulikata ziwa usiku. Abiria anakaa juu anatazama machweo, hajui kwamba nchi kavu ya ghuba hii ilikuwa karakana. Tangu miaka ya 1970 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, amefanya utafiti Buhaya, na hapa Kemondo yeye na wenzake walichimbua maeneo mawili waliyoyaita KM2 na KM3. Wakakuta matanuri ya kuyeyushia chuma ya karne za mwanzo baada ya Kristo, pamoja na vigae vya vyungu vya wakati huohuo.

MTANGAZAJI: Chuma na vyungu mahali pamoja.

MWENYEJI: Ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Wote wanazaliwa na udongo na moto. Sasa nikuambie jambo lililonifanya nikulete hapa. Unajua mavi ya chuma?

MTANGAZAJI: Yale mabonge meusi yanayobaki chuma kikishatoka.

MWENYEJI: Hayo hayo. Waliyoyakuta hapa, baadhi yana alama za matete na nyasi. Wahunzi walikuwa wanakata nyasi za kinamasi, wanazichoma zigeuke makaa, kisha wanazijaza kwenye shimo la chini la tanuri. Uchafu wa chuma ulioyeyuka ukatiririka juu yake, ukapoa, ukabaki na sura ya jani. Jani lenyewe limekwisha zamani, mishipa yake unaiona mpaka leo.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo kinamasi kilijipiga picha.

MWENYEJI: Bila kuombwa. Na wazee wa Kihaya walithibitisha. Miaka ileile ya 1970, wazee waliokumbuka kazi hiyo tangu ujana wao walijenga tena tanuri mbele ya Schmidt na mwenzake Donald Avery. Udongo wa kichuguu, mirija ya udongo ya kupitishia upepo wa mivukuto, na nyasi za kinamasi zilizochomwa. Mwaka 1978 habari hiyo ilichapishwa Marekani katika jarida la Science, na ulimwengu ukasoma kuhusu mafundi wa Buhaya.

(MAWIMBI YANAPANDA, YANASHUKA. SAUTI YA UDONGO UKIPIGWAPIGWA.)

MTANGAZAJI: Msikilizaji, nimeanza kukanda. Udongo huu wa bondeni ni wa kijivu na unanata kama ugali uliozidi maji. Kaka, nitajuaje kama unafaa?

MWENYEJI: Viringisha kamba nene kama kidole. Izungushe kwenye kidole chako cha shahada. Imepasuka?

MTANGAZAJI: Imechanika kidogo kwa juu.

MWENYEJI: Basi una mchanga mwingi, ukande na ule mwingine laini. Usipopasuka kabisa nao usifurahi. Udongo laini mno ukikauka unasinyaa sana na chombo kinapasuka. Ndiyo maana mfinyanzi husaga vigae vya chungu kilichovunjika akachanganya humo. Chungu cha zamani kinamshika mkono chungu kipya.

MTANGAZAJI: Na mimi nina la kukiri hapa. Kikombe changu cha kwanza, wiki mbili zilizopita, nilikitia motoni kikiwa bado na unyevu ndani. Nilisikia mlio kama wa fataki, nikakuta vipande kumi na kitu.

MWENYEJI: Mvuke huo. Maji yaliyofichwa ndani ya udongo yanageuka mvuke, yanatafuta njia, yasipoiona yanaitengeneza. Na huku kwetu ni mtihani zaidi, maana Bukoba hupata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka. Chombo hukauka polepole, kivulini, siku nyingi. Ukiwa na haraka, fanya kazi nyingine.

MTANGAZAJI: Tufungue kikapu sasa. Nianze na kipi?

MWENYEJI: Anza na kitu ambacho hukukiokota. Kidole chako.

MTANGAZAJI: Kidole?

MWENYEJI: Finyanga bakuli dogo, uligeuze kitako juu, halafu bonyeza kidole gumba katikati ya kitako. Umefanya? Hicho kibonyeo ndicho kilichowashangaza wataalamu. Mwaka 1948 lilichapishwa andiko la Mary Leakey, Louis Leakey na kasisi Owen kuhusu vyungu vya kale vya magharibi mwa Kenya vyenye vibonyeo kwenye vitako. Mtindo huo baadaye ukaitwa Urewe, kwa jina la mahali huko Siaya. Umeenea kuzunguka ziwa hili: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na hapa Kagera. Midomo ya vyungu ina kingo zilizokatwa bapabapa, na mabega yana mistari iliyochorwa kwa kijiti, mingine ikipishana kama wavu.

MTANGAZAJI: Kijiti cha kuokota.

MWENYEJI: Cha kuokota. Kidole na kijiti, basi, na vyombo vya Urewe ni miongoni mwa vizuri kabisa vilivyowahi kufinyangwa ukanda huu. Duka la vifaa halikuwepo.

(KIMYA KIDOGO. NYASI ZIKISOKOTWA KARIBU NA KIPAZA SAUTI.)

MTANGAZAJI: Mwenzangu amechukua nyasi tatu kutoka kikapuni na anazisokota juu ya paja. Imetoka kamba fupi, urefu wa kalamu.

MWENYEJI: Sasa ilaze juu ya udongo. Weka kiganja juu yake, uisukume mbele na kuirudisha, kama unayesukuma chapati bila kibao.

MTANGAZAJI: Ooh! Msikilizaji, natamani ungeona. Udongo umejaa vishimo vidogo vilivyolala upande, vimepangana kama punje za mchele. Sekunde tano tu, na bakuli zima limevaa nguo.

MWENYEJI: Huo ndio mtindo uliokuja baada ya Urewe. Kuelekea miaka 1,000 iliyopita, katika nchi nyingi za Maziwa Makuu, mistari ya kijiti ilipungua na kamba ya nyasi ikashika usukani. Tena una kazi. Shika bakuli na vidole vyenye maji.

MTANGAZAJI: Halitelezi.

MWENYEJI: Fikiria mtungi umejaa maji, na mlima wa kupanda kutoka mtoni. Pambo hilo ni mshikio pia. Na kuna siri nyingine. Mtaalamu akipata kigae cha namna hiyo, huviringisha juu yake udongo bandia laini, ule wa kuchezea watoto. Udongo ukibanduka unamrudishia umbo la kamba yenyewe. Anaona imesokotwa kulia au kushoto, ni nyuzi ngapi, ni unyasi au gome. Kamba ilioza karne kumi zilizopita na bado unaweza kuhesabu nyuzi zake.

MTANGAZAJI: Japani nao wana hili. Enzi yao ya kale ya Jomon ilipata jina kutokana na vyungu vyake, na neno lenyewe lina maana ya alama za kamba. Watu wasiojuana, mbali hivyo, wote waliangalia chini wakaona nyasi.

MWENYEJI: Sasa chukua gunzi. Liviringishe upande ule mwingine.

MTANGAZAJI: Vishimo vya mraba, vimejipanga mistari kama madirisha ya ghorofa.

MWENYEJI: Na gunzi ni kalenda. Mahindi yalitoka bara la Amerika, hayakuwepo Afrika kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Ukikuta kigae chenye alama ya gunzi, mtu akikuambia kina miaka elfu mbili, mwambie akanywe maji.

MTANGAZAJI: Nimejaribu na vingine. Ganda la konokono limeacha mzunguko kama wa ngazi ya mnara. Punje ya kahawa, upande wa tumbo, imeacha jicho lililofumbwa. Gome la mgomba limeacha vijumba vijumba kama sega la nyuki. Nikipanga jicho la kahawa kuzunguka ukingo, na sega la mgomba chini yake, hiki ni kikombe ambacho hata ukikikuta Mwanza utajua kimezaliwa kwenye kibanja cha Mhaya.

MWENYEJI: Na hilo ndilo ninalotaka mafundi wetu vijana walisikie. Ukienda madukani unakuta sanamu za twiga zinazofanana kutoka Arusha mpaka Bukoba. Huku hatuna twiga mlangoni. Tuna mgomba, kahawa, matete na ziwa. Kitu kikibeba alama ya mahali kilipotengenezwa, mgeni hana sababu ya kukinunua mahali pengine.

MTANGAZAJI: Wapo waliofika mbali kwa njia hiyo. Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, vyungu vyao vya Ikombe vinajulikana kabla hujauliza vimetoka wapi. Na Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, anajenga vyombo vyake kwa mkono bila gurudumu, vingine vina shingo na tumbo kama kibuyu. Anavisugua mpaka vinang’aa bila kupakwa rangi ya kioo. Jumba la makumbusho la Uingereza, British Museum, linavyo.

MWENYEJI: Kusugua huko ndiyo kazi ya kokoto lako. Subiri udongo uwe mgumu kama jibini, usugue kwa duara ndogondogo.

(SAUTI YA JIWE LIKISUGUA, NDEFU KIASI.)

MTANGAZAJI: Unang’aa kweli! Upande mmoja unang’aa, upande mwingine una punje za mchele. Lakini kaka, nimechelewa na huku kwenye ukingo. Umeshakauka, hautaki kubonyea.

MWENYEJI: Wahenga walishasema, udongo uwahi ungali maji.

(MUZIKI MFUPI WA KUTENGANISHA.)

MTANGAZAJI: Msikilizaji, kama umevutiwa, sikiliza ratiba. Bukoba unafika kwa ndege, kwa basi au kwa meli kutoka Mwanza. Mjini, anza na Makumbusho ya Kagera pale Nyamukazi. Kuja Kemondo, panda gari la abiria la barabara ya Muleba. Njia ni ya lami. Miezi ya Juni hadi Agosti ina mvua chache, na ni mizuri kwa anayetaka kukausha alichofinyanga.

MWENYEJI: Na usiondoke bila kupita Katuruka, upande wa Maruku. Hapo ndipo Mfalme Rugomora Mahe alipokuwa na makazi yake. Masimulizi yanasema aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma aone mbinguni kukoje, mnara ukaanguka. Palikuwa na mti mtakatifu, Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia chuma. Schmidt alifuata masimulizi ya wazee, akachimba hapo, akakuta chuma na vyungu vya Urewe. Vipimo vingine vilirudi nyuma hadi kama miaka 500 kabla ya Kristo, na wataalamu wanabishana juu yake hadi leo. Lakini hakuna anayebisha kwamba wazee walielekeza mahali sahihi.

MTANGAZAJI: Mvua ikinyesha huku, vigae hujitokeza chini ya migomba. Mgeni akiona kizuri, mkono unawasha.

MWENYEJI: Aukanye mkono. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba malikale au kuzitoa nje ya nchi bila kibali. Na hata bila sheria, kigae kikitoka pale kilipolala kinakuwa kipande cha udongo tu. Kilichokuwa kando yake, makaa, mbegu, mavi ya chuma, ndivyo vilivyokuwa vinasimulia umri wake. Ukikiondoa, umeng’oa ukurasa mmoja na kitabu umekiacha.

MTANGAZAJI: Basi tufunge hivi. Ukija Kemondo, kigae cha zamani kiangalie, kipige picha, kiache palepale. Halafu shuka ufukweni, okota nyasi tatu, sokota, omba donge la udongo, viringisha. Alama utakayoondoka nayo ni yako, na mkono uliokufundisha una miaka elfu moja. Bakuli langu nimelifunga kwenye jani la mgomba, litakauka wiki mbili kivulini. Safari hii sina haraka.

MWENYEJI: Na kokoto lirudishe ziwani, atakayekuja kesho naye alitumie.

(KOKOTO LINATUMBUKIA MAJINI. MUZIKI WA KUFUNGIA.)