RISITI YA LEO NI AKIBA YA KESHO
(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Mradi kwa wanavikundi waliojiajiri wa Bukoba na Muleba)



Tunawashukuru mlioacha shughuli zenu, hasa mliotoka mbali, Kamachumu na Nshamba. Leo hatutazungumzia mikopo. Tutazungumzia jambo ambalo sisi wa mradi tulilichelewesha: daftari la matumizi. Tuliwahi kuwapa watu mitaji kabla ya kuwafundisha kuandika, na wapo waliorudi mikono mitupu wasijue fedha ziliishia wapi. Katika hilo tuliwakosea.

Tuanze na mfano. Kijana mmoja wa Bukoba Mjini hufundisha watu mazoezi ya viungo alfajiri. Amekodi ukumbi, na mara mbili kwa wiki hufuata kikundi chake Kemondo. Alipotujia alikuwa na hofu ya kodi na mfuko wa rambo uliojaa risiti. Tulikaa naye tukazichambua moja moja.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inakubali gharama iliyotumika yote, na kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara tu. Matumizi ya binafsi hayamo. Hivyo pango la ukumbi likapita. Umeme wa ukumbi ukapita. Nauli ya kutoka ukumbini kwenda Kemondo kufundisha ikapita. Lakini nauli ya kutoka nyumbani kwake Hamugembe kwenda ukumbini tuliiweka kando, kwa sababu safari ya nyumbani na kazini ni ya mtu binafsi. Chakula chake cha mchana nacho tukakiweka kando.

Kwenye raba alibisha sana. "Bila raba nitafundishaje?" Tukamwuliza, "Jumamosi sokoni unavaa zipi?" Akacheka. Sheria inaitambua nguo ya kazi ile tu isiyofaa kuvaliwa nje ya kazi. Raba za kuendea sokoni ni zako.

Spika aliyonunua ni kitu cha kudumu. Haiondolewi yote kama pango. Huhesabiwa uchakavu wake kidogo kidogo kwa miaka. Na mkopo je? Riba ni gharama ya biashara. Kurudisha mtaji wenyewe si gharama, maana fedha hizo hazikuwa zako tangu mwanzo.

Sasa tazameni faida ya mfuko ule. Tuseme kwa mwaka amepokea sh. 6,000,000, na gharama halali zenye ushahidi ni sh. 2,600,000. Faida ni sh. 3,400,000. Kwa viwango vya mtu binafsi vilivyoanza Julai 2021, sh. 3,240,000 za kwanza hazitozwi, na zinazofuata hutozwa asilimia 8. Kodi yake ni sh. 12,800. Akikosa ushahidi, zote milioni 6 zinaweza kuhesabiwa kuwa faida, na kodi ikafika sh. 220,800. Tofauti ni sh. 208,000, nazo ni ada ya mtoto na mabati kadhaa.

Mtauliza, "Je, na sisi wenye genge, cherehani na mgahawa?" Hapa wengi huchanganya. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka kwa kawaida hutozwa kwa mauzo, si kwa faida. Katika utaratibu huo gharama hazipunguzi kodi. Mtasema basi daftari la nini? Sikilizeni. Kwa jedwali lililowekwa mwaka 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 hayana kodi. Wengi mnakumbuka vitambulisho vya wajasiriamali vya Desemba 2018, vya sh. 20,000, mpaka wake ulikuwa huo huo wa milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 5 asiye na kumbukumbu hulipa sh. 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani sh. 30,000. Kwa mauzo ya milioni 9, asiye na kumbukumbu hulipa sh. 250,000, mwenye nazo sh. 150,000. Tofauti hiyo inaletwa na daftari.

Tena, utaratibu huu wa mauzo haukuwekwa kwa kazi zote. Anayeuza utaalamu, kama ushauri au mafunzo, aende ofisi ya TRA aulize yuko wapi. Na kwa kuwa Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, tujizoeze kuuliza viwango kila ifikapo Julai.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne:

1. Tenga mifuko miwili, wa kazi na wa nyumbani. Ukitoa fedha ya kazi kununua mafuta ya taa ya nyumbani, iandike kuwa umejilipa. Sadaka nayo itoke mfuko wa nyumbani.

2. Andika siku ile ile: tarehe, kiasi, umemlipa nani, kwa kazi gani. Usingoje Jumapili.

3. Dai risiti. Panapokosekana, mwombe muuzaji aandike kwa mkono na kutia sahihi.

4. Tunza kumbukumbu kwa miaka 5 isiyopungua, kama Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inavyotaka. Ziweke mbali na mvua, panya na watoto.

Wapendwa, wapo wanaoona kwamba Mkristo anayehesabu gharama anakwepa wajibu. Sivyo. Anayeficha mauzo anakwepa. Anayeandika yote, yanayomfaa na yasiyomfaa, anasema kweli. Bwana wetu mwenyewe, katika Luka sura ya 14, alimtumia mjenzi wa mnara kutufundisha kukaa chini na kupiga hesabu kwanza.

Yule kijana sasa ana daftari. Raba ameziandika ukurasa wa nyumbani. Tukitembelea vikundi vyenu robo ijayo, hatutauliza kwanza marejesho ya mkopo. Tutaomba kuona daftari.

Mungu awabariki, na abariki kazi za mikono yenu.