Sumaku na Chembe za Chuma

Wapo wanaodhani kuwa sanaa ya Kiislamu ni nakshi za misikitini na hati nzuri za Kiarabu tu. Ahmed Mater, daktari wa Saudi Arabia aliyezaliwa mwaka 1979, ameonyesha kwamba sivyo.

Katika kazi yake ya Mvuto wa Sumaku, aliweka mchemraba mweusi wa sumaku, nao ukazungukwa na maelfu ya chembe za chuma. Mtazamaji huiona mara moja Kaaba na mahujaji wakitufu. Kazi hiyo ilionyeshwa London mwaka 2012, kwenye maonyesho ya Hija. Chembe zote ni sawa. Hakuna tajiri wala maskini.

Lakini daktari huyo hakuishia kwenye sifa. Katika picha zake za Makka, alizozitoa kitabuni mwaka 2016, twaona winchi za ujenzi na mnara wa saa wa mita 601 ukiutazama Msikiti Mtakatifu kutoka juu. Umesimama palipokuwa na ngome ya Ajyad, iliyojengwa na Waturuki na kubomolewa mwaka 2002. Chumba kinachotazama Kaaba ni cha mwenye fedha. Aliyedunduliza nauli miaka ishirini hulala mbali.

Je, kusema hayo ni kuikosea dini? Hasha! Kinachohojiwa si ibada, bali ni biashara iliyoizingira. Ihramu hufuta daraja za watu. Hoteli zisizirudishe kwa mlango wa uani. Na msanii asiyethubutu kuuliza hayo atabaki kuwa mpaka rangi tu.