Yesu Alimwita Binti

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo lisilotajwa sana kanisani: hedhi ya binti zetu walioko shuleni. Baba mwenye nyumba, usizime redio. Jambo hili lakuhusu wewe pia.

Katika Injili ya Marko, mlango wa 5, twasoma habari za mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12. Kwa sheria ya wakati ule alihesabiwa kuwa najisi, na kila aliyemgusa vilevile. Ndiyo maana alikuja kwa kificho, akatetemeka alipojulikana. Bwana Yesu hakumkemea. Mbele ya umati wote alimwita Binti.

Sasa tutazame nyumbani kwetu. Mwezi wa Septemba 2019, huko Bomet, msichana wa miaka 14 alipata hedhi darasani. Hakuwa na sodo, na nguo yake ikachafuka. Mama yake alieleza kwamba mwalimu alimwita mchafu na kumtoa nje. Mtoto alirudi nyumbani, akamwambia mama yake, kisha akajitoa uhai. Ndugu zangu, neno moja lilimwinua yule mwanamke. Neno moja lilimvunja mtoto huyu.

Tangu mwaka 2017 sheria ya Kenya yaagiza kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma apewe sodo za kutosha bila malipo. Ni sheria njema, lakini wengi bado hazijawafikia kila mwezi. Hutumia matambara, hata vipande vya godoro kuukuu. Wengine hukaa nyumbani. Akikosa siku 4 kila mwezi, katika muhula wa miezi 3 amepoteza siku 12 za masomo. Na wako wanaume wasiomcha Mungu wanaowanasa watoto hawa kwa pesa za kununulia sodo.

Katika mlango uo huo, Yesu alimfufua binti Yairo, mwenye miaka 12. Kisha akaagiza apewe chakula. Hakutosheka na muujiza. Alikumbuka mahitaji ya mtoto.

Basi, baba, unaponunua sukari na sabuni, nunua na sodo. Mama, sema na binti yako kabla siku hiyo haijafika. Tuwafundishe wavulana wetu wasicheke. Nanyi wazee wa kanisa, tengeni fungu kwa ajili ya shule iliyo jirani, mkaangalie pia kama choo cha wasichana kina mlango na maji. Mtoto haombi anasa. Aomba kukaa darasani bila hofu.

Tuombe. Ee Baba, utusamehe kwa kunyamaza kwetu. Utufundishe kuwaita binti wale ambao wengine huwaita wachafu, na mikono yetu isiwe mitupu tunapowaita. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.