Daftari la Msomaji: Maoni ya Mwaka Mmoja juu ya Riwaya ya Kiswahili katika Nyanda za Juu Kusini



Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umesema mengi juu ya mwandishi, na mengi zaidi juu ya matini. Juu ya msomaji umesema machache. Hans Robert Jauss, mtaalamu wa fasihi wa Ujerumani, alisisitiza tangu miaka ya 1960 kwamba kazi ya fasihi haieleweki kikamilifu bila kuzingatia matarajio ya wale wanaoipokea. Hoja hiyo hutajwa madarasani, lakini ni nadra msomaji mwenyewe kuitwa atoe ushahidi. Mhadhara huu unamwita shahidi mmoja.

Shahidi huyo ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, aliyezaliwa Njombe wakati ilipokuwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa. Alifundisha sekondari Iringa, kisha Mbeya, anakoishi hadi leo. Lugha yake ya kwanza ni Kibena. Kiswahili alikikuta shuleni. Mwaka 2023 alijiwekea kanuni: kila amalizapo riwaya, aandike ukurasa mmoja wa maoni katika daftari, bila kufungua mwongozo wowote.

1. Riwaya za nyumbani

Alianza na Mirathi ya Hatari (1977) ya C. G. Mung'ong'o, riwaya yenye mandhari ya Nyanda za Juu Kusini, inayomhusu kijana msomi anayerithishwa uchawi na baba yake. Kwa miaka mingi mwalimu huyu aliwafundisha wanafunzi kwamba dhamira kuu ya kitabu hiki ni mgongano wa ukale na usasa. Safari hii aliandika jambo jingine: kinachotisha humo si uchawi, bali utii. Aliyelelewa katika ukoo anajua kwamba wosia wa mzazi haujibiwi kwa hoja za darasani, na elimu ya kijana huyo haimpi neno la kumkatalia baba. Dhamira iliyomo katika mwongozo haikuwa ya uongo, ilikuwa finyu.

Makuadi wa Soko Huria (2002) ya Chachage Seithy L. Chachage, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyefariki mwaka 2006, ilipata hukumu yenye pande mbili. Chachage naye ni mzaliwa wa Njombe, lakini riwaya hii inampeleka msomaji mbali, hadi kwenye delta ya Rufiji. Msomaji alilalamika kwamba wahusika wengine huonekana kama wanangoja zamu ya kuhutubia. Hata hivyo, alikiri kwamba hakuna kitabu kingine cha mwaka huo kilichomlazimisha kuuliza ni nani anayeuza nini, na kwa idhini ya nani.

2. Riwaya za pwani na visiwani

Vuta N'kuvute (1999) ya Adam Shafi ilimchukua majuma matatu. Kilichomchelewesha si usimulizi, kwani alimfuata Yasmin na Denge kwa hamu. Ni msamiati wa Unguja uliomrudisha mara kwa mara kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Maoni yake hapa yanastahili kuzingatiwa na wanaisimu. Hakudai mwandishi apunguze lahaja yake. Alijiuliza kwa nini msomaji wa bara akubali kutafuta maneno ya Unguja kamusini, ilhali neno la Kibena au la Kinyakyusa likiingia katika insha ya mwanafunzi hupigiwa mstari mwekundu.

Baadaye alisoma Peponi (2022), tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Aliisifu tafsiri kwa kuwarudishia wahusika lugha yao. Lakini msafara ulipoanza kuelekea bara, aligundua kwamba yeye hasafiri nao: amesimama upande wa wale wanaotazamwa. Hilo si kosa la mwandishi, ambaye anaonyesha wazi ukatili na hofu za wasafiri hao. Ni taarifa juu ya mahali aliposimama msomaji, na taarifa ya namna hiyo mhakiki wa pwani hawezi kuitoa kwa niaba yake.

3. Kitabu kilichosomwa mara mbili

Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi ilipigwa marufuku shuleni kabla ya kuruhusiwa miaka ya baadaye. Mwalimu huyu aliisoma mara ya kwanza bwenini, kwa siri, akitafuta kurasa zilizosifika. Alipoifunga alimlaumu Rosa. Mwaka 2023 aliisoma akiwa baba wa mabinti, na lawama zikamwendea Zakaria, mzazi aliyedhani kwamba kipigo na ukali vinatosha kumlinda mtoto. Kisha akaongeza sentensi moja yenye uzito: waliokipiga marufuku kitabu walitenda kama Zakaria, kwa kudhani kwamba kijana asiyeonyeshwa dunia atakuwa salama atakapoingia ndani yake.

4. Swali la lugha

Alihitimisha mwaka kwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza, iliyoandikwa kwa Kikerewe na kukamilika mwaka 1945, ikatafsiriwa kwa Kiswahili na mwandishi mwenyewe na kuchapishwa mwaka 1980. Aliona maelezo ya kilimo, uvuvi na unyumba kuwa marefu, lakini hakutaka yapunguzwe. Aliuliza ni nani atakayefanya kazi kama hiyo kwa ajili ya Wabena, Wahehe, Wasafwa na Wanyakyusa kabla wazee wanaoyajua maneno hayo hawajaondoka nayo.

Hitimisho

Daftari hili linafundisha nini? Kwanza, maoni si upendeleo tu. Maoni hushika mahali mahususi katika kitabu, huonyesha msomaji anatazama kutoka wapi, na hukubali kubadilika. Pili, mtindo wa kufundisha riwaya kwa orodha za fani na maudhui, ingawa una manufaa yake, humzoeza mwanafunzi kukariri hukumu ya mtu mwingine.

Ukurasa wa mwisho wa daftari hauhusu kitabu chochote. Mwalimu anamkumbuka mwanafunzi mmoja, zamani, Iringa, aliyeandika kwamba kijana wa Mirathi ya Hatari hakushindwa na ukale, alishindwa na baba yake. Jibu hilo halikuwamo katika mwongozo, alilipa sifuri. Ilimchukua miaka zaidi ya 20 na usomaji mmoja usio na mwongozo kufika pale alipokuwa amefika mtoto yule.

Wanafunzi waliomo humu ukumbini watakuwa walimu kesho. Watakapokutana na jibu la namna hiyo, wasiulize kwanza kama limo katika mwongozo. Waulize kama limo katika kitabu.