Kikomo cha Kuchaji Betri za Lithiamu za Sola: Kwa Nini Tushuke Chini ya Volti 14.6

Mada kwa mafundi wa sola na betri, Mutuini, Dagoretti Kusini

Betri za lithiamu zimeingia kwenye vinyozi, maduka na nyumba za Mutuini, Waithaka na Ruthimitu. Tunazofunga kwa sola ni za fosfeti ya chuma, aina iliyotangazwa mwaka 1997 na kundi la John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas. Seli moja ni ya volti 3.2, na haifai kupita 3.65. Nne zikiungwa mfululizo, kikomo ni 14.6, na wengi wetu huingiza namba hiyo kwenye kontrola na kwenda zetu. Mimi nasema huo ni mpaka usiovukwa. Si lazima betri ifike hapo kila siku.

Kontrola huona jumla tu, seli haizioni. Chukueni betri ambayo seli zake zimeachana: tatu zina 3.6, moja ina 3.8. Jumla ni 14.6 kamili. Kioo kinaonyesha mambo ni sawa, kumbe seli moja inaumia. Shusheni kikomo hadi 14.0. Hata tofauti ile ya 0.2 ikibaki, tatu zitakuwa 3.45 na ya nne 3.65, pale pale panaporuhusiwa. Najua kuna atakayesema BMS, yaani saketi ya ulinzi ya betri, itakata. Itakata, lakini hiyo ni kinga ya mwisho. Ikikata jua likiwa kali, kontrola hupoteza betri ghafla, volti zinaruka na inveta inaweza kuungua. Mteja naye anarudi akilalamika kwamba ameuziwa betri mbovu.

Chaji inayopotea ni kidogo sana. Katika sehemu kubwa ya kuchaji, volti ya seli hucheza kati ya 3.2 na 3.35 hivi. Ikishapita 3.4 hupanda mbio, kwa kuwa nafasi iliyobaki ni ndogo. Napendekeza 14.0 hadi 14.2 kwa seli nne, au 56.0 hadi 56.8 kwa seli 16, ishikiliwe mpaka mkondo ushuke hadi ampea 5 kwa betri ya ampea-saa 100. Floti ya seli nne iwe 13.4 au 13.5. Mtengenezaji akitaja kikomo cha chini zaidi, mfuateni yeye.

Msishuke kupita kiasi pia. BMS nyingi huanza kusawazisha seli zikifika 3.4 au zaidi, na betri isiyojaa kamwe haisawazishwi. Hili linatuhusu hasa Juni hadi Agosti, mawingu yanapotanda Dagoretti siku nyingi mfululizo. Msimu huo mwambieni mteja aijaze kwa stima mara moja moja.

Baridi ya msimu huo ina mtego mwingine. Kontrola iliyoachwa kwenye mpangilio wa betri za asidi hupandisha volti joto likishuka. Ikiwa imepangwa milivolti 24 kwa kila digrii chini ya 25, baridi ya digrii 12 itaongeza volti 0.3, na 14.6 itakuwa 14.9. Zimeni fidia hiyo ya joto. Zimeni pia usawazishaji wa betri za asidi, ambao kwenye kontrola nyingi hukaribia volti 15 au kuzipita.

Kabla ya kumkabidhi mteja, pimeni kwa mita kwenye vichwa vya betri chaji ikikaribia kujaa, kisha someni kila seli kwenye BMS. Seli moja ikitangulia wenzake, kikomo kishuke tena hadi zilingane.